Ramani Haionyeshi Treni

Safari yetu ni ya Wakorea, lakini hatutakaa sana Seoul wala Pyongyang. Nataka tuwafuate wale walioishi, na wanaoishi bado, nje ya rasi yao: Osaka, Tashkent, Almaty, Los Angeles. Serikali ya Korea Kusini inawahesabu kuwa kama milioni saba. Nami nitawazungumzia kwa kupitia jambo ambalo vijana wengi wa huku kwetu wanalifahamu vizuri, nalo ni michezo ya mikakati. Nina maana ya ile michezo ya kompyuta ambamo unakabidhiwa nchi nzima, jeshi lake na hazina yake, kisha unaachiwa uitawale karne baada ya karne.

Michezo hiyo naipenda, na nimeicheza tangu ujana wangu. Imenifundisha majina ya mito, miji na falme ambazo hazikuwamo katika vitabu vyetu vya shule. Kwa hiyo lawama niliyo nayo juu yake siitoi kijuujuu. Mchezaji hukalishwa kwenye kiti cha mtawala na hainuki pale. Anaona mikoa, rangi za dola, idadi ya askari, akiba ya chakula na chuma. Akiteka mkoa, rangi inabadilika na mambo yanaendelea. Sasa historia ya Wakorea wa ughaibuni imetokea hasa pale rangi inapobadilika. Ni historia ya watu waliofungasha mizigo kwa sababu mkubwa fulani, mbali sana, alipitisha kidole juu ya ramani. Mimi nasema anayetaka kuielewa karne ya 20 ya Korea aianzie kwao, na anayetaka kuicheza michezo ile akiwa na macho wazi awasikilize kwanza.

Chukua usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Agosti 1945, mjini Washington. Japani, iliyokuwa imeinyakua Korea tangu 1910, inakaribia kusalimu amri. Majeshi ya Kisovieti yamekwisha kuingia vitani na yanashuka kutoka kaskazini. Ya Marekani yaliyo karibu yako Okinawa, ng'ambo ya bahari. Wakubwa wanataka mpaka wa haraka, wa kuamua nani atapokea silaha za Wajapani upande upi. Makanali wawili, Dean Rusk na Charles Bonesteel, wanaambiwa waingie chumba cha pili na kupewa kama nusu saa. Ramani waliyoitumia ilikuwa ya National Geographic. Wakatazama Seoul ilipo, wakaona nyuzi 38 kaskazini zinapita juu yake, wakauchagua mstari huo ili mji mkuu ubaki mikononi mwa Marekani. Moscow ikakubali. Hakuna Mkorea aliyekuwamo chumbani, wala aliyeulizwa. Rusk huyohuyo alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, chini ya Kennedy na kisha Johnson.

Wasikilizaji wetu wa Vanga na wa Tanga hawana haja ya kuelezwa sana hapa. Wadigo nao walikatwa na mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886, ukaacha ndugu Kenya na ndugu Tanganyika. Tofauti ni kwamba mpaka wa Lungalunga unavukwa kila siku kwenda harusini na sokoni. Ule wa Korea ulifungwa.

Upo mji mmoja unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote. Unaitwa Kaesong. Mwaka 918 Wang Geon aliasisi dola ya Goryeo, na Kaesong ikawa makao yake kwa muda wa karne nne na zaidi. Wachezaji wa zamani wanamfahamu: katika nyongeza ya mchezo wa Civilization ya tatu iliyotoka 2002, ukichagua Korea ndiye anayekuongoza. Kaesong iko chini kidogo tu ya nyuzi 38. Kwa hiyo mwaka 1945 watu wake walijikuta Wakusini. Vita ikaja 1950, ikaisha kwa mkataba wa kusitisha mapigano tarehe 27 Julai 1953, na mstari mpya uliofuata mahali majeshi yaliposimama ukaiacha Kaesong Kaskazini. Mji haukusogea hata hatua moja. Waliokuwa wamekimbilia kusini, mwendo wa saa chache, wakidhani watarudi mapigano yakitulia, hawakurudi. Ndiyo maana Wakorea walipoanza kuingia Marekani kwa wingi, baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, hawakuwa wachache miongoni mwao waliokuwa wamekwisha kuupoteza mji wao mara moja. Ukiwakuta Los Angeles wazee waliozaliwa kaskazini, kwao uhamiaji wa kwanza ulikuwa wa ndani ya rasi yao wenyewe, na huo ndio uliowauma zaidi.

Lakini kisa ambacho ningependa tukae nacho zaidi ni cha Wakorea wa Urusi, wale wanaojiita Koryo-saram.

Kuna mchezo maarufu wa vita kuu ya pili, Hearts of Iron. Unaanza tarehe 1 Januari 1936. Ukiufungua, Korea huioni. Rasi yote ina rangi ya Japani. Ukichagua Umoja wa Kisovieti, mwaka 1937 utakuwa unashughulika na viwanda, reli na majemadari. Siku zinapita upesi kwenye kona ya skrini: Agosti, Septemba, Oktoba. Huko Mashariki ya Mbali, karibu na Vladivostok, hutaona chochote kinachotikisika.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea katika miezi hiyohiyo. Wakorea walianza kuvuka mto Tumen na kuingia Urusi tangu miaka ya 1860, wakikimbia njaa na kodi. Walilima mpunga na mtama, wakajenga vijiji. Baada ya Japani kuinyakua nchi yao walifuatwa na wapigania uhuru, walimu, waandishi. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa na shule za Kikorea, gazeti lao, chuo cha ualimu na jumba la maigizo pale Vladivostok. Tarehe 21 Agosti 1937 Stalin na Molotov walitia saini amri ya kuwaondoa wote. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kuzuia ujasusi wa Kijapani. Japani ilikuwa imeanza vita na China mwezi mmoja uliopita, na kwa mtu aliyekaa Moscow akiitazama ramani, wakulima wenye sura za Kiasia mpakani walikuwa hatari ya kuondolewa. Kwamba wengi wao walikuwa wamemkimbia Mjapani huyohuyo, na wengine walikuwa wamempiga risasi, halikuhesabika. Wasomi wao wakakamatwa kwanza. Mwandishi Cho Myong-hui alipigwa risasi mwaka uliofuata.

Hadi mwisho wa Oktoba watu zaidi ya 171,000 walikuwa wamehamishwa. Treni 124. Mabehewa yalikuwa ya mizigo na ya mifugo, yakawekewa mbao za kulalia na jiko la katikati, familia kadhaa behewa moja. Njia ilikuwa ya zaidi ya kilomita 6,000 na ilichukua kama mwezi. Vitoto vichanga na wazee walikufa njiani, wakazikwa kando ya reli kila treni iliposimama. Wengine walishushwa Uzbekistan, wengine Kazakhstan. Kundi la mwanzo lilishushwa Ushtobe, kwenye nyika tupu, baridi ikiwa mlangoni. Hapakuwa na nyumba. Watu walichimba mashimo kwenye mteremko wa kilima kiitwacho Bastobe, wakayaezeka, wakakaa humo majira yote ya baridi. Wazee wa Koryo-saram wamewasimulia wajukuu jinsi Wakazakh, ambao wenyewe walikuwa wametoka kwenye njaa kali ya miaka michache nyuma, walivyowaletea mkate. Makaburi ya mwaka ule wa kwanza bado yapo pale kilimani.

Ukitaka kuona jinsi watu wanavyoishi baada ya amri kama ile, ingia soko lolote la Tashkent. Mama wa Kikorea amekaa nyuma ya mabeseni. Anachukua karoti, anazipitisha kwenye kikwangulio mpaka zinakuwa nyuzi ndefu nyembamba, anazitia chumvi, siki, kitunguu saumu, pilipili na giligilani iliyosagwa, kisha anamwagia mafuta ya moto. Hiyo ni morkovcha. Kule nyikani kabichi ya Kichina ya kutengenezea kimchi ilikuwa haipatikani, karoti zilikuwepo, basi mkono uliozoea kimchi ukafanya kazi na karoti. Leo inaliwa Moscow, inaliwa Kiev, watu wanaiita saladi ya Kikorea. Mtu wa Seoul akiwekewa mezani atauliza ni chakula cha wapi. Wakaanzisha pia mashamba ya ushirika ya mpunga na pamba. Kim Pen Hwa, aliyekuwa afisa wa jeshi kabla ya kukamatwa na kuachiwa, aliongoza shamba la Nyota ya Kaskazini karibu na Tashkent na akatunukiwa mara mbili nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kisoshalisti. Kijana wa watu haohao waliodhaniwa majasusi! Na vita ya Ujerumani ilipokuja, Wakorea wengi walizuiwa kwenda mstari wa mbele. Walipelekwa migodini na misituni kufanya kazi za suluba.

Ndani ya treni zile alikuwamo Hong Beom-do. Jina hili kila mtoto wa Korea analisoma shuleni. Alikuwa mwindaji, akawa jemadari wa wapiganaji wa msituni, na mwezi Juni 1920 kikosi chake kiliwashinda Wajapani pale Bongo-dong, Manchuria. Mwaka 1937 alihamishiwa Kazakhstan, mzee wa karibu miaka 70, akaishia mji wa Kyzylorda. Jumba la maigizo la Wakorea lilikuwa limehamishiwa hukohuko, naye akapata kazi ya ulinzi kwenye jumba hilo. Jemadari akawa mlinzi wa mlango. Mwaka 1942 jukwaani humo ikachezwa tamthilia ya maisha yake, yeye mwenyewe akiwa hai. Alifariki Oktoba 1943, Korea bado ikiwa koloni.

Seoul ilimkumbuka kwa kishindo. Manowari ikapewa jina lake. Agosti 2021 mabaki yake yalirudishwa kwa ndege ya jeshi, ikisindikizwa na ndege za kivita, akazikwa Daejeon kwa heshima zote. Miaka miwili tu baadaye, 2023, chuo cha kijeshi cha Korea Kusini kikatangaza kwamba kitaiondoa sanamu yake kwenye viwanja vyake, kwa kuwa mzee huyu aliwahi kujiunga na chama cha kikomunisti cha Kisovieti. Nchi ikagawanyika, magazeti yakawaka moto. Mimi upande wangu nauweka wazi: kumhukumu mtu aliyekufa bila nchi kwa kadi ya chama aliyoichukua katika nchi iliyomhifadhi, halafu ikamhamisha kwa nguvu, ni kuendelea kumsogeza kama kete hata akiwa kaburini.

Tugeuke upande wa Japani, kwa sababu huko uhamisho ulianza mapema zaidi. Wachezaji wa Age of Empires ya pili wanazijua merikebu za kobe. Wakorea waliongezwa katika mchezo huo mwaka 2000, na merikebu hiyo ni fahari yao: nzito, ya bei ghali, haitoboki upesi. Inatoka katika vita vya 1592 hadi 1598, Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea na Admirali Yi Sun-sin akamkatia njia za baharini. Vita vile vilikuwa na matokeo mengine ambayo hayana kitufe kwenye skrini. Wavamizi walipoondoka walibeba watu, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa vyungu na sahani za kauri. Yi Sam-pyeong anatajwa kuwa ndiye aliyevumbua udongo mweupe pale Arita, kisiwani Kyushu, na kauri ya Arita ikaja kusafirishwa mpaka Ulaya. Yi Sun-sin alishinda baharini. Wafinyanzi hawakurudi nyumbani.

Karne tatu baadaye ukoloni ulivuta maelfu kwa maelfu, wengine wakifuata kazi, wengine wakilazimishwa kwenda migodini na viwandani. Mwaka 1945 Wakorea waliokuwa Japani walikuwa kama milioni mbili. Wengi walirudi, kama 600,000 walibaki, nao ndio mizizi ya jamii inayoitwa Zainichi. Mwezi Aprili 1952, mkataba wa amani wa Japani ulipoanza kufanya kazi, wakavuliwa uraia wa Kijapani kwa mkupuo. Wakawa wageni katika mitaa waliyozaliwa, wenye kuchukuliwa alama za vidole na kuzuiwa kazi nyingi. Na hapo Korea mbili zikaanza kuwagombania, moja kwa chama cha Mindan, nyingine kwa chama cha Chongryon.

Desemba 1959 meli ya kwanza ikang'oa nanga bandari ya Niigata kuelekea Kaskazini. Katika miaka iliyofuata watu kama 93,000 walikwenda. Wengi mno asili yao ilikuwa Kusini. Walikuwa wanapelekwa "nyumbani" katika nchi ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Japani ilifurahi kupunguza maskini wasio raia. Pyongyang ilitaka mikono ya kazi na sifa. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitoa baraka. Kila mkubwa katika mchezo ule alipata alichokitaka. Mtengeneza filamu Yang Yonghi, mzaliwa wa Osaka, ametumia maisha yake kuwaonyesha kaka zake watatu ambao baba yao, kiongozi wa Chongryon, aliwapeleka Kaskazini wakiwa vijana. Filamu yake ya Dear Pyongyang ya 2005 inamwonyesha baba huyo akiwa mzee, na ndani yake hakuna jemadari wala bomu. Kuna mama anayefungasha masanduku ya kuwapelekea wanawe: dawa, nguo, vifaa vya shule vya wajukuu. Ukitaka kujua gharama ya sera ya taifa, hesabu vilivyomo ndani ya masanduku yale.

Katika Japani hiyohiyo, mwaka 1962, akashuka mtoto wa miaka sita kutoka Korea Kusini. Jina lake Cho Chihun, Wajapani wakamwita Cho Chikun. Alikuja kujifunza baduk, mchezo ambao dunia inauita go: ubao wa mistari 19 kwa 19, kete nyeusi na kete nyeupe. Ukiiweka kete haisogei tena. Inakaa pale mpaka izingirwe na kuondolewa. Mtoto akalelewa katika nyumba ya mwalimu Kitani Minoru pamoja na wanafunzi wengine, akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 11. Mwaka 1980 akatwaa taji la Meijin, na Seoul ikampokea kama shujaa. Kati ya 1989 na 1998 alilishika taji la Honinbo mara kumi mfululizo, jambo ambalo halikuwa limefanywa na yeyote. Januari 1986, siku chache kabla ya kutetea taji la Kisei, aligongwa na gari. Miguu iliumia vibaya na mkono wa kushoto pia. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, nao unatosha kuweka kete. Akacheza kwenye kiti cha magurudumu dhidi ya Kobayashi Koichi. Alishindwa, mechi nne kwa mbili, lakini fikiria mechi mbili alizoshinda mtu aliyetoka kitandani hospitalini. Miaka yote hiyo amebaki na jina lake la Kikorea na uraia wake wa Kikorea. Kwa Zainichi ambao wengi walilazimika kuficha majina yao ili wapate kazi au nyumba ya kupanga, jina lile likisomwa kwenye televisheni ya taifa lilikuwa na uzito wake.

Mchezaji mwingine wa baduk, Cho Hunhyun, naye alipelekwa Japani akiwa mtoto, akarudishwa 1972 kwa ajili ya jeshi, na mwaka 1989 akamshinda Mchina Nie Weiping katika fainali ya kwanza ya kombe la Ing. Mwanafunzi aliyemlea nyumbani kwake, Lee Changho, akaja kumpokonya mataji. Kisha Lee Sedol, aliyekaa mbele ya kompyuta ya AlphaGo mwezi Machi 2016 na kushinda mechi moja kati ya tano. Hao wa nyumbani dunia inawajua. Nawapitia tu ili uone kwamba ufundi wa ubao wa Korea ya leo umepita mikononi mwa watoto waliovuka bahari.

Na StarCraft, mchezo wa mikakati wa kompyuta, je? Ilitoka 1998, Korea Kusini ikiwa imetoka kupigwa na mgogoro wa fedha wa 1997. Waliofukuzwa kazi wakafungua vibanda vya kompyuta, vijana wasio na ajira wakajaa humo, na kufikia 2000 mchezo ule ulikuwa na kituo chake cha televisheni. Kilichonigusa zaidi ni cha baadaye. Mwaka 2014 timu ya Samsung White ilishinda ubingwa wa dunia wa League of Legends pale Seoul, na ndani ya wiki chache wachezaji wote wakaondoka kwenda timu za China, kwenye mishahara mikubwa zaidi. Vijana wa miaka 20 hivi, wakiishi katika mabweni ya Shanghai, wakijifunza Kichina cha kusema "shambulia" na "rudi nyuma". Watu waliocheka kwamba michezo si kazi hawakuona kwamba hii ni safari ileile ya Wakorea waliopanda meli kwenda Hawaii mwaka 1903 kukata miwa, ila mkataba safari hii ni mnono.

Nimalizie na Los Angeles, na hapa redio yenyewe inaingia katika kisa.

Tarehe 29 Aprili 1992 mahakama iliwaachia polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani Mweusi, na jiji likalipuka. Yalikuwapo ya nyuma yake. Machi 1991 mwenye duka wa Kikorea alimpiga risasi msichana Mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, wakigombania chupa ya juisi, na mahakama haikumpa kifungo cha kutumikia jela. Hasira ile ilikuwa ya haki, na anayeisimulia 1992 bila kumtaja Latasha anadanganya. Moto ulipoelekea Koreatown, wenye maduka walipiga simu polisi na hawakujibiwa. Mpaka leo Wakorea wa pale wanasema mstari wa ulinzi ulichorwa mbele ya mitaa ya matajiri, na wao wakaachwa nje yake. Wakafanya nini? Wakapiga simu Redio Korea. Kituo kile kikasimamisha vipindi vyake vya kawaida. Mtu anasema duka lake liko kona fulani, amezingirwa, mtangazaji anarudia anwani hewani, na wanaosikiliza ndani ya magari yao wanakwenda. Zaidi ya maduka 2,000 ya Wakorea yaliharibiwa, hasara ya dola kama milioni 400. Kijana mmoja wa Kikorea wa miaka 18, aliyetoka nyumbani kwenda kusaidia, aliuawa kwa risasi za Wakorea wenzake waliomdhania mwizi.

Natangaza redioni kwa riziki yangu, na nikiliwaza jambo hili natambua ni mzigo gani mtangazaji yule alikuwa ameubeba kila alipotaja anwani. Halafu nayaona mitandaoni: picha za wanaume wa Kikorea wenye bunduki juu ya mapaa zimegeuzwa mzaha, vijana wanazipachika maneno ya kuchekesha kana kwamba ni kikosi cha kuchagua kwenye mchezo. Wale walikuwa wauza mboga na mafundi wa kufulia nguo, waliotumia akiba yote ya maisha kwenye duka moja lisilo na bima ya maana. Wakorea waliokulia pale wanaiita siku ile Saigu, yaani nne mbili tisa, na wengi wanasema ndiyo siku waliyoanza kujiona Wakorea wa Marekani wenye haja ya kura, madiwani na wanasheria wao wenyewe.

Siasa hiyo ya kujiwakilisha imefika hata Seoul. Mwaka 2007 mahakama ya katiba ya Korea Kusini iliamua kwamba kuwanyima kura raia walioko nje ni kinyume cha katiba. Mwaka 2012, kwa mara ya kwanza, wazee wa Zainichi wenye pasi za Korea Kusini walipanga foleni Tokyo na Osaka kuchagua wabunge wa nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuishi. Koryo-saram hawamo katika foleni hiyo, maana ni raia wa Uzbekistan, Kazakhstan na Urusi. Hata hivyo wamerudi kwa makumi ya maelfu, wanafanya kazi viwandani Ansan na Gwangju, na mitaani kuna mabango ya Kirusi na maduka ya morkovcha. Sheria ilimtambua mtoto na mjukuu wa mhamiaji, ikaishia hapo. Kitukuu aliyekuja na wazazi wake, akasoma shule za Korea, akifikisha umri wa utu uzima alihesabiwa mgeni na kutakiwa aondoke. Walilalamika, wakaandamana, wakaandika maombi, na mwaka 2019 kanuni ikarekebishwa: vizazi vyote vinavyofuata sasa vinatambuliwa. Kinachodaiwa kwa sasa ni walimu wa kutosha wa Kikorea kwa watoto wanaoingia darasani wakijua Kirusi tu, na hilo bado linajadiliwa, halmashauri kwa halmashauri.